Mita Tano za Shaba: Kwa Nini Gesi ya Kiyoyozi "Huisha"

Kila Desemba, joto la Pwani linapoanza kukaza, simu za mafundi wa viyoyozi haziachi kulia. Malalamiko ni yale yale: AC inawaka, feni inapuliza, baridi hakuna. Fundi anakuja, anafunga geji kwenye kipande cha nje, anatazama mshale, anatikisa kichwa. "Bosi, gesi imeisha." Anajaza, analipwa, anaondoka. Mwaka unaofuata anarudi, na mwenye nyumba anamlipa tena bila kinyongo, kwa kuwa ameshaamini kwamba gesi ya kiyoyozi huliwa kama petroli ya gari.

Nami niliamini hivyo. Kiyoyozi cha chumbani kwetu, cha BTU 12,000, kilijazwa gesi miaka mitatu mfululizo, na kila mara baridi ilirudi kwa miezi kadhaa kisha ikatoweka. Mwaka wa nne alikuja fundi mwingine, mtu mzima asiye na haraka. Mtungi wake aliuacha mlangoni. Alikishusha kipande cha ndani kutoka ukutani, akafunua sponji nyeusi iliyofunika maungio, akanionyesha nati yenye utando wa mafuta ulioshika vumbi. "Gesi hutembea na mafuta," akasema. "Palipo na mafuta ndipo inapotokea." Alipoifungua ile nati, mdomo wa bomba ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ufa ule tulikuwa tumeulipia miaka mitatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza mafundi, nikipanda nao ngazi na kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo kwa kawaida hutupwa pamoja na boksi. Nilichokiona ni hiki: gesi hailiwi. Inazunguka, inabanwa, inalegezwa, inarudi ilikotoka, na kama haina pa kutokea itazunguka hivyo hivyo mpaka kompresa ife kwa uzee. Friji ya jikoni ni ushahidi tosha. Hukaa miaka kumi na zaidi bila mtu kuiongezea chochote, kwa sababu kila ungio lake lilichomelewa na kupimwa kiwandani. Kiyoyozi cha vipande viwili kinafanya kazi kwa kanuni ile ile, ila kiwanda hakikukimaliza. Kilitengeneza kipande cha ndani, kikatengeneza cha nje na kukitia gesi nyuma ya valvu mbili zilizofungwa, kikaishia hapo. Mabomba ya kuviunganisha, kwa kawaida mita tatu mpaka tano za shaba, huundwa nyumbani kwa mteja, juu ya ngazi, jua likiwaka. Sehemu pekee ya mashine isiyotengenezwa kiwandani ndiyo mara nyingi inayovuja.

Ni vizuri kujua mabomba hayo yanabeba nini. Kompresa huvuta gesi kutoka chumbani na kuibana mpaka inakuwa ya moto sana, kisha huisukuma kwenye mapezi ya kipande cha nje, ambako feni huinyang'anya joto na kuigeuza kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa kwenye tundu jembamba, mgandamizo wake unaporomoka, na kinapochemka tena ndani ya kipande cha chumbani hunyonya joto la chumba. Bomba jembamba, la robo inchi kwa mashine ndogo, hupeleka. Bomba nene, la tatu ya nane au nusu inchi, hurudisha. Katika viyoyozi vingi vidogo lile tundu jembamba limewekwa kwenye kipande cha nje, kwa hiyo bomba jembamba nalo husafiri likiwa na baridi. Hapa ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Fundi aliyezoea mitambo mikubwa, ambayo bomba lake jembamba huwa la vuguvugu, huvalisha sponji bomba nene peke yake.

Katika nchi kavu kosa hilo lingepita bila kuonekana. Pwani halipiti. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 24 hivi, na bomba letu liko chini sana ya hapo. Basi mabomba yote mawili yavalishwe sponji, kila moja lake, na pale sponji mbili zinapokutana pagundishwe pasiachwe mwanya. Sponji nyeupe za bei nafuu, zikiachwa juani bila kufunikwa, huanza kumomonyoka kama biskuti, na hapo ukuta hupata zile alama za maji ambazo mwenye nyumba hudhani ni gesi inavuja. Gesi yenyewe ikivuja haiachi maji. Maji ukutani mara nyingi hutokana na sponji mbovu, au na bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililopandishwa mlima badala ya kuteremshwa.

Lakini moyo wa kazi ni ule mdomo. Ili bomba la shaba lifungwe kwa nati, ncha yake hufunguliwa kama tarumbeta, kisha hubanwa juu ya koni ya shaba nyeupe. Kinachozuia gesi ni uso wa shaba laini uliolala sawasawa juu ya uso wa ile koni. Nyuzi za nati hazizuii chochote. Kazi yake ni kukandamiza tu. Kwa hiyo fundi anayezungushia utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye nyuzi za nati anaonyesha wazi kwamba hajui gesi inazuiwa wapi. Utepe ule hausaidii, na vipande vyake vinaweza kuingia ndani na kuziba tundu jembamba.

Mdomo mzuri huanza kwenye ukataji. Bomba hukatwa kwa kikatio cha gurudumu, kinachozungushwa taratibu na kukazwa kidogo kidogo. Msumeno wa chuma huacha ncha ya mshazari na kumwaga unga wa shaba ndani, na unga huo utasafiri mpaka kwenye kompresa. Baada ya kukata, ukingo wa ndani hukwanguliwa huku mdomo wa bomba ukiwa umeelekezwa chini, ili machicha yaanguke nje. Nati huvalishwa kabla ya mdomo kufunguliwa, jambo ambalo kila fundi amewahi kulisahau walau mara moja na kulazimika kukata upya. Kisha mdomo hutazamwa: uwe wa duara kamili, unang'aa, usio na mkwaruzo wala ufa. Tone la mafuta ya kompresa hupakwa kwenye uso wake, nati hushikishwa kwa vidole mpaka ikatae, ndipo spana zinaingia, mbili, moja ikishika na nyingine ikikaza.

Ikazwe kiasi gani? Vitabu vya watengenezaji vinatoa namba, na hutofautiana kidogo tu: nati ya robo inchi, kama nyutonimita 14 mpaka 18, ya tatu ya nane, 34 mpaka 42. Namba hizo hupimwa kwa spana maalumu inayolia au kulegea nguvu ikitimia. Mafundi wengi hawana, wanakaza kwa mkono. Na mkono, hasa wa kijana mwenye nguvu anayetaka kumridhisha mteja, hukaza mno. Shaba laini ikikazwa mno hukonda, na baada ya miezi ya kutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi hupasuka. Ule ufa wa chumbani kwetu haukutokana na uzembe. Ulitokana na bidii iliyokosa kipimo.

Swali la pili, ambalo naona ndilo zito kuliko yote, ni hewa iliyobaki ndani. Mabomba yakishafungwa, yamejaa hewa ya Dar es Salaam au Mombasa au Tanga, pamoja na unyevu wake. Kabla ya kufungua valvu na kuachia gesi ya kiwandani, hewa hiyo lazima itoke. Njia sahihi ni pampu ya kufyonza. Njia ya mtaani ni kulegeza nati moja, kufungua valvu kidogo na kuiacha gesi isukume hewa nje kwa sekunde chache mpaka isikike "fsss", kisha kukaza. Ukimkuta fundi akifanya hivyo atakwambia amefanya hivyo miaka ishirini na mashine zinapoza. Hasemi uongo, na ndiyo maana jambo hili linahitaji kuelezwa kwa utulivu.

Miaka ishirini iliyopita gesi ilikuwa R-22, na mafuta ya kompresa yake yalikuwa ya madini, yasiyopenda maji. Unyevu kidogo ulisamehewa. R-22 ilianza kuondolewa kwa sababu inaumiza tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliweka msingi, na ratiba ya nchi zinazoendelea ilisimamisha ongezeko la matumizi mwaka 2013 na kuweka 2030 kuwa mwisho, huku kiasi kidogo kikibakizwa kwa matengenezo hadi 2040. Mahali pake ikaja R-410A, na sasa R-32. Gesi hizi haziigusi ozoni, lakini zilikuja na masharti ambayo hayakumfikia kila fundi wa mtaani. Mgandamizo wa R-410A unaizidi R-22 kwa kama asilimia 60: katika joto la nyuzi 45 la kugeuka kimiminika, R-22 huwa kwenye bar 16 hivi na R-410A kwenye bar 26. Mdomo uliostahimili gesi ya zamani unaweza kuachia gesi mpya. Na mafuta yake si ya madini tena, ni ya kutengenezwa maabara, yanayonyonya maji kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni. Maji yakichanganyika nayo katika joto la kompresa, mafuta huvunjika na kuzaa tindikali, na tindikali hula nyaya za mota kutoka ndani. Mashine itapoza mwaka wa kwanza na wa pili. Wa tatu kompresa inakufa, na hakuna atakayekumbuka ile "fsss" ya siku ya kwanza.

Kusukuma hewa kwa gesi hakuondoi unyevu ulioshikamana na kuta za bomba. Pampu huuondoa kwa njia nyingine kabisa: hushusha mgandamizo mpaka maji yachemke yenyewe. Katika nyuzi 30 maji huchemka mgandamizo ukishuka hadi milibar 42 hivi, wakati hewa ya kawaida kando ya bahari ina milibar 1,013. Fundi makini huenda mbali zaidi, hadi nusu milimita ya zebaki, ambayo ni chini ya milibar moja. Geji ya kawaida ya mshale haiwezi kuonyesha hayo. Mshale wake hulala mwisho mapema mno, na fundi anayeutegemea huzima pampu kabla kazi haijaanza kunoga. Kipimo cha kidijitali ndicho kinachosema kweli. Pampu ikishazimwa, namba isipande haraka. Ikipanda na kusimama mahali, kuna maji bado. Ikipanda bila kukoma, kuna tundu.

Tundu lenyewe lilipaswa kutafutwa mapema, kwa naitrojeni kavu iliyojazwa kwenye mabomba hadi kiwango anachotaja mtengenezaji, ambacho kwa R-410A hufika kama bar 40, ikaachwa saa kadhaa huku povu la sabuni likipakwa kwenye kila nati. Kuna wasio na mtungi wa naitrojeni wanaotumia oksijeni ya kuchomelea. Hilo ni hatari ya kufa mtu: oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta hulipuka. Naitrojeni inahitajika pia pale bomba linapounganishwa katikati kwa kuchomelea. Ikipitishwa polepole ndani wakati wa moto, shaba hubaki safi. Isipopitishwa, ukuta wa ndani hutengeneza magamba meusi ambayo baadaye hubanduka na kwenda kuziba vichujio na valvu.

Gesi zenyewe hazifanani mbele ya hali ya hewa ya dunia. Kilo moja ya R-410A ikiachiwa hewani, kwa hesabu ya miaka 100, hupasha dunia joto kuliko tani mbili za kaboni dayoksaidi. R-32 ni kama theluthi ya hiyo. Propani, iitwayo R-290, haina uzito wowote wa maana, ila inawaka kama gesi ya kupikia. Jambo hili ndilo lililowakutanisha wajumbe Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, walipokubaliana kupunguza gesi za kundi la R-410A. Ninaona fahari kwamba makubaliano hayo yana jina la mji wa ukanda wetu. Lakini utekelezaji wake hauko kwenye ukumbi wa mikutano. Uko kwenye nati ya tatu ya nane, nyuma ya kipande cha ndani, mahali ambapo mteja haoni. Na R-32 inawaka pia, ingawa kwa shida, kwa hiyo desturi ya kuachia gesi kwenye kibaraza haifai kuendelea nayo.

Pwani ina adui wa ziada: chumvi. Bei ya shaba imewafanya wauzaji wengine kuleta mabomba ya alumini, mengine yamepakwa rangi hata yafanane na shaba. Alumini inapogusana na nati ya shaba nyeupe katika hewa yenye chumvi na unyevu, metali hizo mbili hugeuka betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Shaba nayo iwe na unene wa kutosha. Vitabu vya watengenezaji hutaka ukuta wa milimita 0.8 kwa mabomba madogo ya R-410A na R-32, wakati mabomba ya bei ya chini madukani huwa membamba zaidi. Ukilibonyeza kwa vidole likakubali, lirudishe. Bomba jembamba hujikunja pia linapopindwa bila springi wala kipindio, na kunjo moja hubana njia ya gesi kwa maisha yote ya mashine.

Majumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yana somo lake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zilizojengwa ili nyumba ijipoze yenyewe, na mji huo uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kutoboa ukuta wa namna hiyo si sawa na kutoboa tofali. Chokaa humung'unyika, mawe huachia, na unyevu wenye chumvi uliomo ukutani hugusa shaba moja kwa moja. Hapo bomba lipitie ndani ya mrija wa plastiki, tundu liinamie nje kidogo ili mvua isirudi ndani, na mwanya uzibwe. Ningependa pia kipande cha nje kiwekwe juu ya paa au uani, mbali na milango ya nakshi, hata kama bomba litarefuka. Lakini bomba likirefuka, gesi nayo hubadilika.

Gesi ya kiwandani huwekwa kwa kipimo cha bomba la urefu fulani, mara nyingi mita tano au saba na nusu. Ukizidisha, kila mita huhitaji gramu kadhaa za ziada, 15 mpaka 20 kwa mashine nyingi ndogo, kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ukikata bomba kuwa fupi mno, chini ya mita tatu kwa mashine nyingi, mtetemo na sauti ya kompresa huingia chumbani. Kiasi sahihi hupatikana kwa mizani. Kujaza kwa kutazama geji kulifaa mashine za zamani zilizozunguka kwa mwendo mmoja. Mashine za inveta hubadili mwendo kila dakika, na mshale hubadilika nazo. R-410A, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, hutakiwa kutoka kwenye mtungi ikiwa kimiminika ili isibadilike uwiano. Kuongezea juu ya iliyobaki bila kujua ni kiasi gani kilichobaki ni kubahatisha.

Kwa nini basi kazi hufanywa vibaya, ilhali yote haya yanajulikana na vyuo vya mafunzo ya ufundi vya VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi? Sikubali jibu la haraka kwamba mafundi ni wazembe. Tazama bei. Madukani kiyoyozi huuzwa kwa tangazo la "kufungiwa bure", na fundi anayefunga bure amelipwa kidogo na mwenye duka ili afunge vingi kwa siku. Pampu, mizani, kipimo cha kidijitali, spana ya kipimo na mtungi wa naitrojeni ni mtaji mkubwa kwa kijana aliyeanza kwa kubeba ngazi ya mwenzake. Kazi sahihi inakula nusu siku na zaidi. Ya haraka, saa moja na nusu. Na jioni ya siku ya kufunga, mashine zote mbili zinapoza sawa. Mteja hana jicho la kutofautisha, kwa hiyo hulipa bei ndogo, na soko humwadhibu fundi mwenye pampu. Kisha ule ujazaji wa kila mwaka unakuwa mshahara wa yule aliyefunga vibaya. Hakuupanga, lakini anauishi.

Mwenye uwezo wa kubadili hesabu hii kwa haraka ni anayelipa. Aulize kabla ya kukubaliana bei: fundi, una pampu? Una mizani? Na gesi ikipungua, akatae kujaziwa kabla tundu halijaonyeshwa kwa povu. Mafundi niliowauliza hawakuchukia maswali hayo. Yule mzee aliyenionyesha ufa alifurahi kuulizwa, akaongeza bei, nikailipa.

Tulipohama nyumba ile ya kupanga tulimwita yeye. Kwanza aliwasha mashine, akafunga valvu ya bomba jembamba, akaiacha kompresa irudishe gesi yote kwenye kipande cha nje, akafunga ya bomba nene na kuzima papo hapo, kwa sababu kompresa ikiendelea na ikavuta hewa, hewa ile na mafuta chini ya mgandamizo huweza kuipasua. Aliziba ncha za mabomba kabla hazijavuta unyevu wa asubuhi. Nyumba mpya alikata midomo yote minne ya zamani, akaitupa, akafungua mipya. Tulipomaliza kuingiza vitanda, pampu yake ilikuwa bado inanguruma kibarazani, naye ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye kile kipimo kidogo. Nilimwuliza kama tufungue sasa.

"Bado," akasema. "Maji hayajatoka yote."